Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam: Ndoo za kunawia zirudi, na zirudi zikiwa na mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa Waheshimiwa Madiwani. Na kwa ndugu zetu wa DAWASA, mamlaka ya majisafi ya jiji, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini.

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika Manispaa ya Temeke. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba: nani anakohoa, nani anaharisha, mtoto gani hajamaliza chanjo, choo kikoje, maji ya kunywa yanatunzwa wapi. Sina cheo cha kumwamuru mtu wala elimu ya kuwafundisha madaktari wenu. Ila kuna jambo nakutana nalo kila siku ambalo nahofia halifiki mezani kwenu, ndiyo maana nimeamua kuliandika hadharani.

Ndoo za kunawia mikono zimeondoka. Zile ndoo za koki zilizokuwa mlangoni mwa kila duka, kila benki, kila ofisi ya serikali ya mtaa, kila msikiti na kila kanisa mwaka 2020 na 2021, leo unaweza kutembea kutoka Tandika sokoni hadi Temeke Hospitali ukazihesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Zilipoondoka, tabia ya kunawa nayo ikaondoka. Na mimi nasema, kwa niaba ya watu ninaowahudumia, kwamba tabia ile haikufa kwa uzembe wa wananchi. Ilikufa kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kujaza ndoo.

Tukumbushane ilivyokuwa. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Ndani ya siku chache jiji hili lilibadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Mafundi wa kandokando ya barabara walikuwa wakitoboa ndoo na kupachika koki mchana kutwa, watu wanasubiri foleni. Konda wa daladala, yule yule aliyezoea kusema “sogea nyuma, bado kuna nafasi”, akawa anazuia watu mlangoni kwa sababu ya amri ya kupakia level siti, yaani abiria wa kukaa tu, hakuna wa kusimama. Kwenye misiba watu walimpa mfiwa pole kwa kuweka mkono kifuani. Picha ya Rais Magufuli na Maalim Seif wakisalimiana kwa miguu pale Ikulu ilizunguka kwenye kila simu, na watoto wa mtaani kwetu wakaifanya mchezo. Malimao na tangawizi vikapanda bei. Bibi yangu mmoja wa Mtoni, ambaye miaka yote nilimshauri anawe kwa sabuni kabla ya kumlisha mjukuu wake akanijibu “haya mwanangu nimesikia”, alinikuta mlangoni akaniambia nisiingie mpaka ninawe. Nilifurahi mno siku ile.

Nayasema haya kwa sababu kwenye vikao vya kata nasikia mara nyingi maneno kwamba wananchi wa Dar es Salaam ni wagumu kubadilika, kwamba elimu imetolewa sana lakini watu hawasikii. Si kweli. Tulibadilika ndani ya wiki moja, mamilioni ya watu kwa pamoja, bila semina na bila posho. Swali la kujiuliza ni kwa nini tulirudi tulikotoka.

Nimeliangalia hilo kwa karibu, maana lilitokea machoni pangu. Kila tabia ilikufa kwa sababu yake. Level siti ilikufa mapema kuliko zote, na haikushangaza. Konda anadaiwa hesabu ya tajiri jioni, mafuta ni yale yale, abiria nao wamesimama kituoni tangu alfajiri wanataka kufika kazini. Amri isiyogusa hesabu ya jioni haiwezi kudumu ndani ya daladala. Barakoa zilishuka kidogo kidogo, kwanza chini ya pua, kisha kidevuni, kisha mfukoni kwa ajili ya kuvalia mlangoni mwa ofisi tu. Vitakasa mikono vilikuwa ghali tangu mwanzo, na vilipopungua bei mitaani vikauzwa vingine ambavyo ukivinusa hupati hata harufu ya spiriti, wakati kitakasa kinachofaa kinatakiwa kiwe na kilevi cha asilimia 60 au zaidi. Kujifukiza ndiko kulikodumu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu majani yapo na sufuria ipo. Mvuke hauui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini, na mimi binafsi nimewahi kumpeleka zahanati mtoto aliyemwagikiwa na nyungu, ile sufuria ya maji ya moto ya kujifukizia, kwa hiyo tabia hiyo naiacha iende.

Lakini kunawa mikono kungeweza kubaki. Hakukuwa na tajiri aliyepata hasara kwa sababu ya kunawa. Watu walikuwa wamekubali, na wengine walishaanza kuona vibaya kula bila kunawa kwa maji tiririka. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo tulipopoteza kitu tulichokwisha kukipata.

Mwangalieni mama lishe mmoja ninayemfahamu, karibu na stendi. Mwaka 2020 alinunua ndoo ya lita 20 yenye koki, akaiweka juu ya stuli, na chupa ya sabuni ya maji pembeni imefungwa kamba isichukuliwe. Kila mteja alinawa. Ndoo ile iliisha maji kabla ya saa saba mchana, wakati wateja ndio kwanza wanazidi. Kwake maji ya bomba hayafiki. Ananunua dumu, mia mbili siku nzuri, mia tatu au zaidi maji yakiwa ya shida. Dumu moja la kupikia, moja la kuoshea vyombo, moja la wateja kunawa. Korona ilipokuwa inatajwa kila saa kwenye redio, wateja walikuwa wanamkagua, asiye na ndoo anapitwa. Basi gharama ile ilijilipa. Wakati mazungumzo yalipokwisha, mteja hakuuliza tena ndoo, na yeye akabaki na gharama peke yake. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji, aliitoa ndoo kwenye stuli akaanza kutunzia maji ya kupikia. Haikurudi. Leo wateja wake wananawa kwenye bakuli moja la plastiki, wa kwanza mpaka wa kumi, na maji yakishakuwa ya kijivu ndipo anayamwaga.

Nani wa kumlaumu hapo? Mama yule anajua kila kitu ninachokijua mimi kuhusu mikono. Aliniambia mwenyewe: “Dada, niletee maji, hiyo elimu ninayo.”

Na bakuli lile ndilo linalonikosesha usingizi. Mikono kumi ikipita kwenye maji yale yale, uchafu wa mtu wa kwanza unagawiwa kwa wote waliobaki. Maji yakitiririka yanaondoka na uchafu. Sabuni nayo ina kazi mbili: inachana utando wa mafuta unaovifunika virusi kama vya korona, na inalegeza vijidudu vingine vishikizi ili maji yavichukue. Bila sabuni na bila mtiririko, kinachobaki ni kulowanisha mikono. Kunawa vizuri kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuharisha kwa takriban theluthi. Sijui dawa nyingine ya bei ya chini kiasi hicho tunayoweza kumpa mtoto wa Mbagala au Vingunguti.

Shuleni ni hivyo hivyo, na kunauma zaidi. Kuna shule moja ya msingi, sitaitaja kwa sababu tatizo si la shule ile peke yake, ambayo wakati wa korona ilipata ndoo kubwa za koki pamoja na karo la saruji lenye mabomba yaliyopangwa mstari. Mabomba ya karo yamefungwa kwa sababu bili haina mlipaji. Mwalimu mkuu akifungua, ruzuku ya uendeshaji inaishia kwenye maji. Kwenye ndoo moja iliyobaki koki imevunjika, na tundu limezibwa kwa kijiti kilichozungushiwa mfuko wa nailoni. Watoto hawawezi kufungua kijiti, basi wanafunua mfuniko na kuchota kwa kikombe kimoja cha bati, mkono ukiingia ndani ya maji mpaka kwenye kifundo. Ndoo iliyonunuliwa kukinga maradhi imegeuka ya kuyasambaza. Koki ya plastiki ni kitu cha shilingi elfu chache. Nimeuliza nani anatakiwa kuibadilisha. Mwalimu anasema kamati ya shule, kamati inasema halmashauri, na pale halmashauri nilijibiwa kwamba ndoo zile zilikuwa za mradi na mradi umekwisha.

Sikatai mema yaliyofanyika. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, wa mapambano dhidi ya Uviko-19, ulijenga madarasa 15,000 nchini, na mwenye macho anayaona. Watoto wamekaa kwa nafasi, na nafasi yenyewe ni kinga. Naomba sasa darasa lifuatwe na bomba linalotoa maji, na bomba lifuatwe na mtu wa kulitunza.

Nizungumze pia jambo lililo gumu kidogo. Sehemu ya sababu ya tabia zile kufa ni ukimya. Kuanzia Mei 2020 takwimu za ugonjwa zilikoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sisi tuliokuwa mitaani tulibaki hatuna cha kumjibu mtu anayeuliza “bado upo?” Tukisema nawa, tunaulizwa nawa kwa nini wakati imekwisha. Julai 2021 chanjo zilipofika na Rais Samia akachanjwa hadharani, kazi yetu ilianza upya kutoka chini, kwa watu waliokwishaamua kwamba hawaamini. Mtu mzima hubadilisha desturi zake akiambiwa ukweli, hata ukweli wenyewe ukiwa ni “hatujui bado, tutawaambia Ijumaa.” Akinyimwa habari hutafuta mahali pengine, na mtaani habari hazikosekani.

Pengine mtasema korona imepungua makali, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza Mei 2023 kwamba si dharura tena. Ni kweli. Lakini tazameni yaliyotufuata. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu uliingia jijini hapa na Wizara ya Afya ikatangaza ongezeko la wagonjwa. Ulipita kwenye nyumba za kupanga kwetu chumba kwa chumba, maana virusi vyake husafiri kwa mikono, taulo na mito ya kulalia, na nyumba yenye familia sita ina bomba moja au haina. Niliwakuta watu wakijitia machoni maji ya chai na maziwa ya mama. Nilitamani nione japo ndoo moja kati ya zile za 2020. Kisha homa ya Marburg ikapiga Kagera, mwaka 2023 na tena 2025. Machi 2025 mpox ikathibitishwa nchini. Kila mara tangazo linasema nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Wapi? Abiria anayeshuka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni, aliyeshika chuma cha daladala kilichoshikwa na watu mia, anawe wapi kabla hajanunua muhogo wa kukaanga?

Kipindupindu sina haja ya kukielezea kwa wenyeji wa jiji hili. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa Dar es Salaam, ukasambaa karibu mikoa yote ya Bara, na mpaka ulipokuja kutulia miaka kadhaa baadaye watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua. Na kila kipindupindu kikiingia, hatua ya kwanza tunayoiona mitaani ni kufungia mama lishe na kubeba masufuria yao. Naelewa sababu yake kitaalamu. Ila naomba mlitazame jambo hili kwa macho ya yule anayenyang'anywa sufuria: mwaka mzima analipa ushuru, mwaka mzima hakuna aliyemfikishia maji, na siku ya mlipuko ndiyo siku anayomwona afisa afya. Mtu huyo akiona gari la manispaa anakimbia na sufuria lake hadi uchochoroni, na huko uchochoroni hali inakuwa mbaya zaidi.

Ushahidi kwamba tabia inaweza kudumu tunao wenyewe. Mlipuko ule ule wa 2015 ndio uliofanya sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zigeuzwe kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baada yake ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Imepita zaidi ya miaka tisa na bado watu wanatoka na mafagio na majembe kuzibua mitaro. Wapo wanaokwepa, sikatai, lakini desturi ipo, mtoto wa darasa la tatu anaijua. Imedumu kwa sababu ina siku yake, mwenyekiti wa mtaa anawajibika nayo, na asiyeshiriki anaulizwa. Ndoo ya kunawia haikupewa siku, mwenyekiti, wala swali. Tuliiacha iishi kwa hofu peke yake, na hofu haikai sana kwenye moyo wa mtu mwenye watoto wa kulisha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nikianza na lile ninaloliona kubwa.

Kila kata itamke hadharani vituo vyake vya kunawia: stendi, masoko, feri, vituo vya mwendokasi, minada, shule, zahanati, ofisi za mitaa. Visiwe vingi vya kuandikwa kwenye ripoti. Viwe vichache vyenye maji kila siku. Kila kimoja kiwe na jina la mtu anayekijaza na namba ya ofisi ya kupiga kikikauka, imeandikwa kwa rangi pale pale ukutani. Afisa afya wa kata aulizwe juu yake kwenye kikao cha kila mwezi kama anavyoulizwa juu ya taka. Hela itoke kwenye mapato ya ndani, kwenye kifungu chake chenyewe, si kwenye mradi wa mfadhili, kwa sababu mradi una mwisho na mikono haina mwisho. Masoko yetu yanatoa ushuru kila siku ya Mungu. Sehemu ndogo ya ushuru wa Tandika au Mabibo irudi Tandika au Mabibo ikiwa maji na sabuni.

Njia nyepesi ya kuanzia ipo tayari. Vyoo vya kulipia vya masokoni na stendi vina wazabuni wanaovuna mia mbili na mia tatu kwa kila mtu kuanzia alfajiri. Nimeingia vingi, nimelipa, nimetoka bila kuona sabuni. Mikataba yao ipo kwenye makabati yenu. Iongezwe sharti moja: bomba la nje, maji tiririka, sabuni muda wote, wazi kwa yeyote hata asiyetumia choo. Mzabuni akishindwa, mkataba upewe mwingine. Hili halihitaji bajeti mpya.

Sabuni nayo isitoke mbali. Kwenye kata zetu vipo vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji, na vipo vilivyowahi kukopeshwa na halmashauri kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wanahangaika na soko. Nunueni kwao sabuni ya vituo, mtakuwa mmelisha familia na kunawisha jiji kwa shilingi ile ile.

Ndugu zetu wa DAWASA, kwenu naomba mita ya kituo cha kunawia isiwe ya mama lishe wala ya mwalimu mkuu. Iwe ya halmashauri, ilipwe na halmashauri, na wakati wa mgao kituo kile kitazamwe kama zahanati inavyotazamwa. Pale bomba lisipofika, vibuyu chirizi vinatosha kabisa kwa kuanzia: dumu la lita tano, kijiti, kamba ya kukanyagia na mguu, mkono haugusi kitu na maji yanatoka kidogo kidogo. Vijijini tumevihamasisha miaka mingi. Sielewi kwa nini mjini tunaviona aibu.

Lipo jambo la hewa ambalo katika korona tulilichelewa, na dunia nzima ililichelewa. Mwanzoni tuliambiwa zaidi habari za mikono na matone. Baadaye ikawa wazi kwamba ugonjwa ule husafiri sana kwa hewa ya ndani isiyotembea. Kifua kikuu kinasafiri hivyo hivyo, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani liliziorodhesha, kwa miaka ya 2021 hadi 2025, kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Sasa pandeni daladala ya Gongo la Mboto siku ya mvua. Madirisha mengine yamegoma, mengine yamepigwa riveti yasifunguke, watu wamebanana, mmoja anakohoa. LATRA, gari linapokuja kukaguliwa mnaangalia breki na taa, na ni sawa. Dirisha lisilofunguka nalo liwe kosa la kumnyima mtu kibali. Mabasi ya mwendokasi pia yakaguliwe, hasa yale ya jioni yanayotoka Gerezani na Kivukoni yakiwa yamefurika. Jiji letu ni la joto, hakuna abiria atakayelalamikia upepo.

Na pale zahanati, anayekohoa apewe barakoa mlangoni, bila kuuliza, bila kumtenga na bila kumtoza. Wakati wa korona kuvaa barakoa ilikuwa heshima kwa mwenzio. Leo ukivaa kwenye foleni watu wanasogea mbali nawe, wanadhani una maradhi mabaya. Nawajua watu walioacha kwenda kupima makohozi kwa kuogopa macho ya foleni, wakati dawa za kifua kikuu ni za bure na kwa kawaida ugonjwa unapona kwa miezi sita. Wahudumu wenyewe wakivaa wote, mgonjwa naye ataona ni jambo la kawaida.

Sitaomba mtukataze kupeana mikono. Nimesikia pendekezo hilo na silikubali. Mkono ni wetu, ndio tunaompa mfiwa, ndio tunaopeana baada ya swala na kwenye misa wakati wa kutakiana amani. Kuwaambia watu wa Pwani wasishikane mikono ni kutafuta amri itakayovunjwa Ijumaa hiyo hiyo. Wekeni maji karibu na mlango wa msikiti, wa kanisa na wa turubai la msiba, watu watashikana mikono iliyonawiwa. Misikiti tayari ina mabomba ya udhu. Mingi ingekubali kuongeza sabuni mkiwaendea maimamu kwa adabu, na mapadri na wachungaji vile vile.

Faini naomba ziwe za mwisho kabisa, na zianze kwa wenye mikataba kabla ya wenye mabeseni.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na tangu wakati huo hatujapungua. Mlipuko mwingine utakuja, uwe kipindupindu cha masika au kitu ambacho bado hakina jina la Kiswahili. Utakapokuja, siku saba za kwanza ndizo zitakazotusaidia au kutuumiza, na katika siku saba hakuna manispaa inayoweza kutangaza zabuni, kununua ndoo, kuvuta bomba na kumtafuta wa kulijaza. Vitu hivyo viwe vimekwisha kuwepo, vikitumika na watu wenye mafua ya kawaida na watoto wanaotoka chooni.

Naomba jibu kabla mabaraza ya madiwani hayajapitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Lisiwe la jumla. Liandikwe kwa majina ya kata: kata hii, vituo hivi, mtu huyu, kifungu hiki. Libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa ili nasi tunaopita nyumba kwa nyumba tulisome pamoja na wananchi. Kwa upande wetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii tupo tayari kuvipitia vituo kila wiki na kuleta taarifa ya vilivyokauka. Njia tunapita hata hivyo.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Manispaa ya Temeke, Dar es Salaam